Bastola, Senene na Shangazi wa Mchumba Wangu

Nakumbuka Jumanne moja pale Muleba, mwanangu, na huwa nacheka peke yangu nikiikumbuka, hata nikiwa kanisani. Imenirudia juzi, ulipokuja kuniaga hapa Kagondo na sare yako mpya, ukanionyesha kwenye simu yule bwana anayefyatua bastola kutoka kiunoni bila kuangalia. Ukasema, baba mdogo, adui akiwa karibu hivi huna haja ya kulenga, mkono unajua wenyewe. Jumatatu unaanza kazi na bastola utapewa, kwa hiyo ngoja nikujibu leo.

Nilikuwa askari wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye mbwembwe nyingi. Nilimpenda Kokugonza, binti wa kijiji cha Kashozi, na Jumamosi ya wiki ile wazee wangu walikuwa wanipeleke kwao kujitambulisha. Sasa sikia kilichonikuta. Mkufunzi wetu wa bastola, Afande Paskazia, alikuwa shangazi yake Kokugonza, dada wa baba kabisa. Unajua kwetu neno la shangazi lina uzito gani siku kama ile. Akikunja uso tu, wazee wanaanza kukohoa na posa inaahirishwa.

Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Alipiga shabaha taratibu mpaka sisi vijana tukapiga miayo. Aliinua bastola kwa mikono miwili, akaileta mbele ya jicho, akasubiri kile kinundu cha mbele ya mtutu kikae katikati ya pengo la nyuma, ndipo akabonyeza. Nikajisemea kwamba kwa mwendo huu jambazi atafika kwake, atapika ndizi, atakula na atalala.

Mimi nilikuwa na elimu yangu nyingine. Tangu utoto nilisifika kwa kukamata senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Msimu ukifika, kule kwenye rweya, ile nyika ya majani nje ya migomba, wenzangu walikuwa wakijaza chupa moja mimi nimeshajaza ndoo. Sikuangalia mkono. Jicho likiona, mkono umeshafika. Nikaamini kwamba bastola ya karibu ni hivyohivyo, na nikaitangaza imani yangu kantini kwa kila aliyekuwa na masikio. Nilitaka shangazi mtu aone ni kijana wa aina gani anayeingia kwenye ukoo wao.

Jumanne hiyo Afande Paskazia alisimamisha maboksi matatu, hatua tano kutoka tulipokuwa. Kwenye boksi la katikati alichora jambazi mwenye kofia. Kulia akamchora mzee na fimbo yake, kushoto mama aliyebeba mtoto. Akasema kila mmoja ana risasi tano za jambazi, na apige kwa namna anayoiamini.

Nikachomoa, mkono kiunoni, nikamaliza zote tano kabla wenzangu hawajaziba masikio vizuri. Nikairudisha bastola kwa madaha, nikageuka kupokea pongezi. Afande akasema twende tukaangalie. Risasi moja ilikuwa imetoboa kofia ya jambazi. Mbili zilipita zikaishia kwenye ukuta wa udongo. Moja ilikuwa kwenye goti la mzee, na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ya tano ilikuwa imempata mtoto. Hapo kicheko kilikatika, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Afande Paskazia hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye lile tundu, akaniangalia juu ya miwani.

"Senene ukimkosa huyu unamkamata wa pembeni, na unafurahi vilevile," akasema. "Risasi nayo ikimkosa huyu inampata wa pembeni. Nani atafurahi?"

Kisha akanipa habari mbaya zaidi. Ijumaa ningerudia jaribio, na nikishindwa hakuna ruhusa ya kutoka kambini Jumamosi. Yeye mwenyewe Kashozi angekwenda, na wakimuuliza mchumba yuko wapi angewaambia ukweli wote. Siku ile sikula chakula cha mchana.

Jumatano nilifika kwake wa kwanza, kabla hajaniita. Alikagua bastola mara mbili kuhakikisha ni tupu, akanipa nikague na mimi, halafu akatoa mfukoni punje moja ya kahawa akaiweka juu ya mtutu. Kazi yangu ilikuwa kuinua, kukiona kinundu na kubonyeza triga bila punje kuanguka. Ilianguka sijui mara ngapi. Mtu akibonyeza kwa pupa, mkono wote unashtuka, na mimi nilikuwa na pupa mpaka kwenye kucha. Alhamisi mchana punje ilianza kutulia, na mimi pia.

Ndipo akaniambia nifumbe macho, niinue bastola, nisimame hapohapo, kisha nifumbue. Nikafumbua. Mwanangu, kinundu kilikuwa kimekaa katikati ya pengo, chenyewe. Nilicheka kwa furaha mbele ya mkubwa wangu wa kazi, naye akacheka.

"Huo mkono unaousifia haukuzaliwa unajua," akaniambia. "Jicho lako ndilo limeufundisha."

Kumbe mama yule hakuwa adui wa mkono wa haraka. Ijumaa nilipopiga tano za kulenga na zote zikaingia kwenye kifua cha jambazi, alinisogeza mpaka hatua moja na nusu, akaniamuru nipige tano za ghafla, bastola karibu na mbavu, bila nafasi ya kutafuta kinundu. Nazo zikaingia. Nikaanza kurukaruka, akanikumbusha nihakikishe bastola ni tupu kwanza ndipo nifurahi.

Basi Jumamosi tukaenda Kashozi, wazee wangu na mimi, suti ya kuazima na yote. Tulipokewa vizuri, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, maneno ya heshima yakasemwa kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Baba yake Kokugonza akamgeukia dada yake akamuuliza anamfahamuje kijana huyu. Jasho lilinitoka kuliko pale uwanjani. Shangazi akasimama, miwani yake imefungwa kwa kamba ileile.

"Nilimwona akikosea vibaya mbele ya wenzake," akasema. "Hakununa, na kesho yake alikuja kwangu wa kwanza. Huyu mpokeeni."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka kwa majirani, na sauti ya Kokugonza nyuma ya mlango niliitambua. Unamjua mama yako mdogo, hajawahi kufurahi kimyakimya. Nilicheza ngoma siku ile mpaka suti ya watu ikafumuka begani.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili. Mkono wa haraka upo, na siku mtu amekufikia kifuani unaweza kukuokoa. Lakini hauji kwa kuangalia video wala kwa kujiamini. Lenga polepole, mara nyingi, mpaka uchoke, na haraka itakuja yenyewe bila kuitwa. Hata adui akiwa hatua tano, kama una nusu ya pumzi ya kuona kinundu, kione. Angalia kulia, angalia kushoto, angalia nyuma yake, maana sokoni na stendi watu hawasimami peke yao. Kama hujaona, usifyatue. Na ukikosea mazoezini, cheka na wanaokucheka, halafu kesho yake mwahi mwalimu wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe jicho tulivu na mkono mtiifu, akupe wakubwa watakaokurekebisha bila kukuvunja. Kila jioni urudi kwa wanaokupenda. Na siku ya kustaafu, uirudishe bastola hiyo ikiwa haijamwaga damu ya mtu, kama nilivyoirudisha yangu.