Chaki ya Fundi Kijiko

Saa mbili kasoro asubuhi. Ndani ya karakana ya mabati chini ya mlima, Fundi Kijiko amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, anazungusha gurudumu la nyuma huku amefumba jicho moja. Tairi haliyumbi. Anaguna, ameridhika.

Jina hilo alibandikwa na wateja. Baiskeli yoyote ya mlimani kabla haijakodishwa huivua kengele, huigonga fremu kwa kijiko cha chai na kutega sikio. Fremu nzima hulia. Yenye ufa hukoroma. Ikilia, huichora mstari wa chaki chini ya kiti, na bila mstari huo haipandi mtu.

"Watu wanadhani baiskeli ni baiskeli tu," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji. "Wapi! Hii nyepesi ina springi mbele peke yake, ni ya kupandia mlima. Ukiiteremsha kwenye mawe itakurusha kama ina kisasi na wewe. Ya springi mbele na nyuma ndiyo mtu wa watu, inapanda, inashuka, haina makuu. Ile nzito kule ni ya kushukia tu. Ukipanda nayo utaisukuma mpaka ujute. Na hii yenye matairi manene kama shavu la mwenye nyumba, ni ya mchanga na tope."

Anacheka mwenyewe. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii na baiskeli kumi na moja za kukodisha. Binti yake, kifungua mimba, ndiye huwaongoza wageni kuteremka kilomita kumi na nne. Leo ametangulia alfajiri na wageni wawili. Gari limewapandisha kileleni.

Mwandishi anamwomba aonyeshe ukaguzi wake tangu mwanzo.

"Kwanza navua kengele, maana inavuma. Halafu nagonga. Halafu chaki..."

Kijiko kimebaki hewani.

"Jana," anasema taratibu. "Ile ya binti yangu. Nilikuwa nimetoka kuichora iliyokuwa kando yake, chaki bado iko mkononi. Nikaichora na yenyewe."

"Bila kuigonga?"

"Bila kuigonga."

Na baiskeli hiyo wiki iliyopita ilidondoka kutoka juu ya gari. Aliinyoosha usukani, akaiweka kando ili aisikilize fremu baadaye.

Anapiga simu. Haipatikani. Anapiga tena, na tena. Mlimani hakuna mtandao, na yeye anajua hilo kuliko mtu yeyote. Anatoka hadi getini, anarudi, anatoka tena. Midomo imemkauka.

"Fremu haikuagi," anasema bila kumtazama mtu. "Inakatika mara moja, na mtu yuko kasi. Pale kwenye ngazi za mawe, ndipo uzito wote unapokaa. Naogopa, ndugu yangu. Naogopa sana."

Chai aliyomiminiwa inapoa. Mteja anakuja kuuliza bei ya mnyororo. Fundi anamtazama kama hakusikia, naye anajiondokea.

Saa nne kasoro dakika kumi vumbi linatimka kwenye kona. Binti anatokea mbele, amejaa tope hadi kwenye nyusi, wageni nyuma yake wanapiga kelele za furaha.

"Shikamoo baba. Mbona umesimama juani?" anauliza huku akicheka.

Fundi anamshusha, anaichukua baiskeli na kuanza kuvua kengele. Skrubu inadondoka, anaiacha. Anagonga bomba la juu, linalia. Anagonga chini ya kiti.

Inakoroma.

Anafuta tope kwa kidole gumba. Ufa mwembamba kama unywele umezunguka nusu ya bomba, sentimita mbili kutoka kwenye mstari wa chaki. Binti ameacha kucheka.

Fundi anakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Ningekuua, mama," anasema. "Kwa chaki yangu mwenyewe."

Binti anachuchumaa kando yake. Anafuta ule mstari kwa kiganja.

Baadaye, sauti ikiwa imerudi kidogo, fundi anaeleza mpango wake. Kuanzia kesho hakuna baiskeli itakayotoka kabla ya kusikilizwa na watu wawili, na anayekwenda kuipanda ndiye atakayegonga wa mwisho.

"Nitakufundisha leo hii," anamwambia binti yake, na kumtia kijiko mkononi.

Binti anakipokea. Baba bado hajauachia mkono wake.