Mayai ya Kuchi na Wiki Isiyo na Jua

Tulipohama Sinza kwenda kuishi Bunju, mume wangu aliniwekea sharti moja tu: asikose taarifa ya habari ya jioni. Nilimwahidi, na ahadi hiyo nimeitunza mpaka leo, isipokuwa wiki moja.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia shule ya sekondari. Miaka mingi nimewachorea watoto wa watu saketi ubaoni, nikirudi nyumbani sijui hata waya umepita wapi ukutani mwangu. Nilipostaafu nilitaka kuyaishi yale niliyoyafundisha. Shamba letu dogo liko ndani kabisa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Barabara ya Bagamoyo, na nguzo za umeme zilikuwa zimeishia mbali na sisi. Ndugu zetu walituonea huruma. Mimi nilichagua paneli sita za sola juu ya paa, betri nne katika chumba kilichokuwa kiwe stoo, na pampu ya kisima inayojaza tangi jua likiwa kali. Nyuma ya banda la ng'ombe wetu wawili tulichimba mtambo wa biogesi. Kinyesi kinaingia upande huu na maji, gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni, na kinachobaki tunakimwaga kwenye migomba na mchicha. Ilipofika mwaka wa pili tulikuwa tunapika, tunamwagilia na tunapoza maziwa bila kumsubiri mtu yeyote atuwashie.

Mume wangu alikuwa karani wa mahakama, na hakuwahi kuniamini moja kwa moja. Wingu likipita alitoka uwanjani kulikagua kama shahidi anayebadilisha maneno.

Asubuhi moja mwezi Machi, jirani yetu alipiga hodi. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa palepale, ambaye wazazi wake walilima mihogo hapo kabla ya sisi wa kuja kuanza kununua viwanja. Alikuwa na kapu mkononi na macho mekundu.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Mie yamenikuta. Kicheche kaingia bandani jana. Matetea yangu yote kaua, na jogoo kaua."

Niliwajua kuku wale. Walikuwa kuchi, wale warefu wenye shingo ndefu na mwendo wa askari. Mbegu hiyo aliachiwa na mama yake mzazi, na hakuwahi kuiuza wala kuichanganya na nyingine. Alifunua kapu. Ndani ya pumba za mpunga kulikuwa na mayai kumi na moja.

"Haya ndiyo yaliyobaki," alisema. "Sina kuku wa kuyalalia. Nasikia wewe una sanduku linaatamia."

"Ninalo, mama. Lete."

"Na jua likikosekana?"

"Halikosekani."

Nilimjibu hivyo bila hata kuangalia juu. Kila mtu anajua masika yanaanza lini, na mimi nilikuwa nimezoea kufanikiwa. Mashine yangu ya kutotolesha ni sanduku la mbao lenye taa za joto, feni ndogo na kipimajoto. Nilikuwa tayari nimetenga mayai arobaini ya kuku wangu. Niliyapanga yote pamoja siku ileile, yake nikayawekea alama ya penseli.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Siku ya saba nilimwita jirani, nikafunga pazia, nikapitisha tochi nyuma ya yai moja moja. Katika mayai tisa ya kwake ilionekana mishipa myembamba myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kidoa kinadunda. Mawili yalikuwa matupu.

"Huu ndio moyo?" aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba angemwamsha kifaranga.

"Ndio."

Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Mvua ilianza siku ya kumi na tano. Siku ya kwanza niliifurahia kwa ajili ya migomba. Ya pili nilizima friji. Ya tatu mume wangu alizima televisheni mwenyewe, kabla ya taarifa ya habari. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya paa kama blanketi lililolowa. Siku ya kumi na nane, saa nne asubuhi, inveta ilianza kupiga kelele yake ya onyo. Betri zilikuwa zinakaribia kwisha, na betri za namna ile ukizikamua hadi tone la mwisho unaziua.

Mume wangu alisimama mlangoni na mwavuli.

"Nimempigia rafiki yangu wa Tegeta," alisema. "Ana mashine na umeme wa gridi. Tuyapeleke sasa hivi."

"Kwa njia ile? Bajaji haiwezi kufika hapa, na pikipiki itayarusha kwenye mashimo. Vifaranga wamekwisha kugeuka, wanatafuta pa kutokea. Ukiwatikisa leo umewaua."

"Na ukikaa nao hapa?"

"Nitawapa joto."

"La nini, mwalimu? Jua lenyewe liko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikwenda jikoni nikafungua jiko la biogesi. Moto ulikuwa mdogo kuliko kawaida, kwa sababu shimo hupoa wakati wa mvua, lakini ulikuwa wa bluu na haukutikisika. Hapo nikajua la kufanya. Joto ni joto. Kifaranga hajui kama limetoka kwenye waya au kwenye kinyesi cha ng'ombe.

Tulizima mashine. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa sita za plastiki, nikazivisha soksi za mume wangu, nikazipanga pembeni ya sanduku na kulifunika kwa blanketi. Kipimajoto kilishuka, kikasimama, kikaanza kupanda polepole. Kilipofika thelathini na saba na nusu, joto la kuatamia, nilimtazama mume wangu. Alivua koti la mvua, akavuta kiti, akakaa mbele ya sanduku.

"Zibadilishwe kila baada ya saa ngapi?" aliuliza.

"Tatu. Ila si zote kwa pamoja."

Kuanzia hapo alikuwa karani tena. Hakuchelewa hata zamu moja. Kwa kuwa gesi yote tuliitumia kuchemshia maji ya chupa, hatukuweza kupika, na jirani alipojua akaanza kutuletea chakula kutoka kwenye kuni zake: wali na samaki wa kukaanga, siku nyingine mihogo ya nazi. Alikuja amejifunika kanga mbili na mfuko wa plastiki kichwani, akaweka sinia, akauliza hali ya wagonjwa wake.

Kosa kubwa nililifanya mimi, siku ya ishirini, mchana kweupe. Niliona mvua imezidi na upepo unaingia, nikabadilisha chupa nne kwa mpigo, maji yakiwa yametoka kuchemka. Nilisahau jambo ambalo ningemsahihisha mwanafunzi yeyote: vifaranga walio karibu kutoka wanazalisha joto lao wenyewe. Niliporudi kutoka kulisha mtambo, kipimajoto kilikuwa kinasoma arobaini na moja.

Nilitupa blanketi pembeni, nikatoa chupa, nikafungua kifuniko. Jirani, aliyekuwa amekuja na sinia, alichukua yai lake moja akaligusisha kwenye kope ya jicho.

"La moto hili," alisema. "Moto sana, mwanangu."

"Nisamehe, mama." Niliweka kifuniko sakafuni. "Nilikuambia halikosekani. Nilijisifu."

Yai lilipopoa kidogo jirani alilipeleka sikioni, akafumba macho. Mume wangu alisimama na kitambaa mkononi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na nilitamani kuipigia kelele inyamaze. Jirani akalihamishia sikio la pili. Kisha akanishika bega akanivuta, akaliweka yai kwenye sikio langu.

Ndani kulikuwa na mlio. Mdogo, wenye hasira, unaorudiwa rudiwa.

"Analalamika," jirani alisema. "Anayelalamika yu hai."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, ganda la kwanza lilipasuka. Tulikaa sote watatu tukiangalia, chai ikipoa. Kati ya mayai tisa ya kuchi walitoka vifaranga saba, wamelowa, miguu mirefu isiyolingana na miili yao. Mawili hayakufunguka, na siwezi kusema kama ni ile arobaini na moja iliyoyamaliza au vifaranga walikuwa wamekwisha kushindwa. Bado ninayafikiria. Ya kwangu arobaini yalitoa thelathini na moja. Jirani aliwahesabu wake mara tatu, akasema "Alhamdulillahi", kisha akamgeukia mume wangu na kumwambia soksi zake atamfulia.

Jua lilirudi baada ya siku mbili. Betri zilikuwa salama, na mume wangu akapata taarifa yake ya habari, ingawa jioni hiyo alikuwa anainuka kila mara kwenda kuangalia kifaranga mmoja aliyekuwa anachechemea.

Tangu hapo sitotoleshi masika. Nimeliandika hilo ndani ya mlango wa mashine kwa kalamu nyekundu. Sijapunguza imani yangu kwa sola hata kidogo, ila nimeacha kusema neno "halikosekani".

Mvua zilipokatika, jirani alikuja, safari hii bila sinia.

"Na mie nataka lile shimo," alisema. "Kuni zinanimaliza macho."

Alikuwa na mbuzi tu, kwa hiyo tulikubaliana kwamba kinyesi cha kuanzishia kitatoka kwa ng'ombe wetu. Mume wangu ndiye aliyekwenda kupima. Nilimkuta kwenye uwanja wa jirani amepigilia kigingi, amefunga kamba, anachora duara kwenye mchanga huku akieleza kwa nini mtambo usikae chini ya kivuli, na kwa nini maji ya mvua yasiingie. Alieleza kwa uhakika kabisa, kama aliyebuni jambo lile mwenyewe. Sikumkatiza.

Gesi ilichukua wiki nyingi kutoka. Asubuhi ilipowaka, jirani aliniita kwa sauti nikiwa kisimani, nikaenda mbio nikidhani kuna hatari. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, mikono kiunoni, sufuria ya chai juu ya moto wa bluu.

"Mbona inachelewa kuchemka, mwalimu?"

"Umefungua nusu, mama. Zungusha mpaka mwisho."

Akazungusha.