Mkosoaji Aliyezimwa na Docteur Floribert

Docteur Floribert alikuwa na mawakala watatu wa akili bandia, zile programu zinazojifanyia kazi kwenye kompyuta: mmoja wa kuchambua vipimo, mmoja wa kuandika, mmoja wa kukosoa. Timu yake hapa Kalemie ilikuwa ikitafiti namna ya kukausha ndagala, dagaa wa ziwa letu, ndani ya vibanda vya plastiki, wasipate mchanga wala nzi. Wauza samaki, Mama Générose mbele yao, walikuwa wakingoja jibu kwa hamu. Ndagala ndio minerval, karo ya shule ya watoto wao.

Floribert si mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Amesoma kweli. Lakini tangu apate hiyo shahada, hata mama mkwe wake humwita Docteur. Basi siku mkosoaji alipoandika kwenye skrini ya ukutani, mbele ya wageni kutoka Kigoma, "Hitimisho hili halijathibitishwa, vipimo vyote ni vya kiangazi," mtu mzima alivimba kama chura.

"Mutoto hawezi kusahihisha papa mbele ya bageni!"

"Papa Docteur, hii si mutoto wa muntu," akasema Mélanie, mkemia wa timu. "Na inasema kweli. Tungoje mvua, tupime tena."

"Na wewe pia unanifundisha?"

Akamzima mkosoaji. Wawili waliobaki akawaagiza wamwite Papa Docteur na wasimpinge kamwe. Wakamvisha kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mji mzima. Timu ya utafiti gani hiyo? Ilikuwa kwaya, tena ya wimbo mmoja.

Akatangaza kwamba vibanda vinafaa mwaka mzima, na akina mama wakamwamini. Wakajenga vibanda, wakaingiza samaki wao wote. Mvua ikaja, plastiki ikatoka jasho, ndagala wakaota ukungu. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia hatujamtungia methali, maana guu linalovunjika si lake. Niliona uchungu mpaka nikataka kumchapa.

Akina mama wakaja biro, ofisini kwake, na beseni la samaki waliooza, wakalitua juu ya meza yake.

"Ni mashine njo ilikosea," akasema Floribert, akijifuta uso.

"Ile yenye kusema kweli uliizima," akajibu Mélanie.

Mama Générose hakupandisha sauti.

"Basi ile ulizima, Docteur, utupe siye. Wewe ubakie na zenye kukusifu."