Ua la Lamaiywet

Siku yangu ya kwanza kwenye nasari ya miche ya chai nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya kucha. Nyapara alitupanga mstari, akatuambia tutoe mikono, na alipofika kwangu akasema hapa hatushiki jembe, tunashika jicho. Jicho ni pale jani la chai linaposhikana na kijiti, ndipo chipukizi hutokea. Tulikata kijiti chenye jani moja na jicho moja, tukakipanda kwa karatasi ya nailoni iliyojaa udongo, tukafunika, tukangoja mizizi. Kucha ikikwaruza jicho, hakuna chai. Nilizikata, nikarudi kesho yake. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, upande wa Kericho. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu.

Nyapara huyo alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Neno lake lilikuwa moja: kwa nasari yangu, kitu hakifi. Akiwa hayuko tulimwiga, tukacheka, lakini hilo neno lilikuwa limetuingia.

Chini ya nasari, kando ya mto, kulikuwa na miti ya lamaiywet, zambarau za mwitu, mizee, imeinamia maji. Juu ya matawi yake kuliota ua jeupe lenye mkia mrefu. Halikai kwa udongo. Mizizi yake hushika gome na kunywa ukungu. Halinyonyi mti, limepanga chumba tu. Jioni tukienda kuteka maji, harufu yake ilitupokea njiani.

Kisha kiwanda cha chai kikataka kuni za boila. Meneja akaamua miti hiyo ikatwe, bulugamu, yaani mikaratusi, ipandwe, maana hukua haraka. Lakini mgeni mmoja aliyesomea mimea alikuwa amemwambia hilo ua ni okidi, na halipatikani ovyo. Basi meneja akashuka nasari, akamwambia nyapara mbele yetu:

"Lihamishe kwa bulugamu za ofisi. Likikubali, huku chini nakata. Likikataa, naacha miti."

Tulishusha maua machache, tukayafunga kwenye bulugamu kwa kamba za mgomba, tukayanyunyizia maji asubuhi na jioni. Mwenzangu Mama Atieno, mtu wa kutoka ziwani, mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mama Kiprono," akaniambia, "hii maua ikikauka, si miti itabaki? Tuisahau kidogo tu."

Kumbe nyapara yuko nyuma yetu. Hakukasirika. Alionyesha mtoni kwa kidole.

"Mnafikiri mimi sipendi hiyo miti? Nimezaliwa hapo ng'ambo. Lakini kwa nasari yangu kitu hakifi. Mwagilia."

Tukamwagilia. Mvua zilipokaribia kuisha yakachanua, meupe kabisa. Meneja akaleta wageni wayaone, akampa nyapara mkono. Wiki hiyo hiyo msumeno ukashuka mtoni.

Kiangazi kilipofika, bulugamu ikaambua gome, kama kawaida yake. Kila mwanamke anayeokota kuni anajua hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Asubuhi moja tukakuta maua yako chini. Nyapara aliokota moja. Mizizi ilikuwa bado imekaza. Ua halikuachilia gome, gome ndilo liliachilia mti.

"Angalia," akasema. "Lilikubali."

Tuliyafunga tena kwa miti ya uzio wa ofisi, jua likayamaliza. Mtoni hakukuwa na mti wa kuyarudisha. Lile neno lake sikulisikia tena.

Baadaye nilipelekwa kuchuma, nikachuma mpaka magoti yakakataa, nikarudi kwangu Silibwet. Nyinyi vijana mnapenda bulugamu kando ya mto kwa sababu ya pesa ya haraka. Siwezi kuwashika mikono. Mimi kando ya kijito changu nilipanda lamaiywet. Sasa ni kubwa, wajukuu wanapanda kula matunda yake. Wakati wa mvua mimi husimama chini yake jioni, nikanusa. Nasikia harufu ya moshi wa jikoni na ya ng'ombe, basi. Mbegu ya lile ua ni kama vumbi, huletwa na upepo. Mti uko tayari. Upepo ndio hauna mahali pa kuitoa.