Jiko la Darini

Mama yangu alipikia kuni muda wote aliokaa katika nyumba ya baba. Jiko lilikuwa darini kabisa, juu ya nyumba yetu ya mawe pale mtaani Mkomani, kisiwani, limeezekwa makuti. Nilipokuwa mdogo jirani aliinua nyumba yake ghorofa moja zaidi ya yetu, upepo ukazibwa, na tangu hapo moshi ukawa unageuka na kumrudia mama usoni. Baba hakuwa akipanda huko. Chakula kilimshukia.

Baba ni mtu wa ukoo wa mjini, wa wale ambao jina la babu linawatangulia kila waendapo. Duka la vitambaa alilorithi lilimfia mikononi taratibu, lakini jina lilibaki, na alilitunza kama mtu anavyotunza kanzu yake moja nzuri. Mama alitoka kijijini Matondoni, binti wa fundi wa mashua, na shangazi zangu hawakuchoka kumkumbusha. Alisuka mikeka. Fedha za mikeka ndizo zilizonunua chumvi, sabuni na viatu vyetu vya shule, vitu ambavyo baba aliamini vinajileta nyumbani vyenyewe.

Nilikuwa Mombasa chuoni, nasoma uchumi, baba alipouza kipande cha shamba la minazi alichokuwa nacho bara. Wakati huo mama alikuwa ameshaanza kukohoa. Daktari alimwambia moshi umemwingia kifuani na kwamba, akiendelea nao, dawa hazitamsaidia. Kwa hiyo mama alitaka kitu kimoja katika fedha zile: jiko la gesi na mtungi wake. Alimweleza baba baada ya chakula, kwa adabu, nami nilikuwepo likizo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mlango wa mbele umeoza.

Ulikuwa umeoza kweli, chini, mchwa walipofika. Fundi yeyote angeweza kuutia viraka. Baba alitaka mpya, wa nakshi, wa mbao ngumu, kama uliokuwapo enzi za babu yake.

"Mtu akipita hapo nje ndiani anaona mlango, Bi," akamwambia mama. "Jiko ataliona nani?"

"Mimi naliona," mama akasema.

Baba akacheka kidogo, kana kwamba ametaniwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Muhula uliofuata mwalimu wetu alitufundisha nadharia ya mlaji. Mlaji, alisema, ni mtu anayejua anachotaka. Kipato chake kina mpaka, basi huyapanga matakwa yake kwa uzito, na kila shilingi huipeleka pale itakapomridhisha zaidi. Akachora mistari ubaoni. Niliipenda nadharia ile kwa usafi wake, na ndiyo sababu iliniuma. Nikanyoosha mkono nikamwuliza inakuwaje ikiwa anayechagua ni mmoja na anayekosa ni mwingine, nao wanalala nyumba moja. Alifikiri, nadhani alifikiri kweli, halafu akajibu, "Familia tunaihesabu kama mtu mmoja." Akafuta ubao.

Nilirudi bwenini na jibu lile. Kwa kanuni ile baba hakukosea mahali popote. Alijua anachotaka, akalinganisha, akachagua kilichomridhisha zaidi. Kifua kilichokuwa kikiungua hakikuwa chake, kwa hiyo hakikumpunguzia chochote.

Mbao zikapanda bei, fundi akachelewa, fedha za shamba zikakatika kabla nakshi haijakamilika. Baba akamgeukia mama. Mama alikuwa akijiwekea fedha za mikeka, kidogo kidogo, akingoja zitoshe kununua jiko mwenyewe. Akampa zote. Nilipata habari kwa mdogo wangu wa kike, kwa simu, na niliporudi nikamwuliza mama sababu, kwa hasira. Alisema uwazi wa mlango ulikuwa umezibwa kwa gunia na watu walikuwa wakichungulia ndani. Angemwachaje bwana wa nyumba katika aibu ile? Alilisema bila uchungu wowote. Uchungu nilibaki nao mimi.

Mlango ulitoka mzuri. Wapita njia walisimama kuupapasa, na shangazi zangu waliingia nyumbani wakiwa wamenyoosha shingo. Zaidi ya hayo, ukaleta riziki. Dalali mmoja alimwambia baba kwamba wageni wanatafuta nyumba za kale zenye milango kama ule, kwa nini asiwakodishe sehemu ya chini? Baba akapaka chokaa, akanunua vitanda na vyandarua. Na huko chini, kwa ajili ya wageni, akaweka jiko la gesi.

Mama ndiye aliyelitumia. Aliamka alfajiri kuwapikia wageni chai na mahamri katika moto ule wa buluu usio na moshi. Wageni wakishakula, alipanda ngazi mpaka darini kutupikia sisi kwa kuni, kwa sababu gesi ilikuwa ya wageni.

Nilimkabili baba juu ya hilo, mara moja tu. Hakukasirika. Alinieleza kwa utulivu kwamba gesi ile ni gharama ya biashara na inajirudisha, lakini chakula chetu hakimrudishii kitu. "Si ndiyo haya uliyoyasoma?" akaniuliza. Ndiyo hasa niliyokuwa nimeyasoma.

Mama alikwenda Matondoni kwenye harusi ya binti wa kaka yake, na hakurudi. Hakugombana na mtu. Alituma salamu tu kwamba kule kifua kimetulia, wanapikia uani kwenye upepo, basi atakaa kidogo. Miezi ikapita. Baba akamtuma shangazi akamlete. Mama akampokea vizuri, akamlisha, akamsindikiza mpaka alipopanda punda, akarudi ndani kwa kaka yake.

Baba akalazimika kutafuta mtu wa kupika. Akapatikana mwanamke kutoka Mkokoni, mjane, mtu wa maneno machache. Nilikuwepo siku aliyofika. Alipanda darini, akalitazama jiko, akashuka bila kugusa kitu. Akamwambia baba kwamba humo hapiki. Kama ni kwa gesi atakaa, kama sivyo, kuna nyumba nyingine inamwita.

"Basi pikia hapa chini," baba akasema. Alikubali papo hapo, na kwa upole ambao mama hakuwahi kuupata.

Nilitaka kumchukia mwanamke yule, nikashindwa. Hakuwa amemnyang'anya mama chochote. Alikuja tu na kitu ambacho mama hakuwa nacho miaka ile yote: mahali pengine pa kwenda.

Sasa nafundisha somo la biashara katika shule ya sekondari. Nawafundisha wanafunzi kuhusu mlaji vilevile nilivyofundishwa, kwa sababu mtihani unauliza vilevile. Mshahara wangu wa kwanza ulimnunulia mama jiko la gesi. Alishukuru, akaniombea dua ndefu. Lakini daktari alikuwa ameshasema mapafu yakipata makovu hayarudi yalivyokuwa, na kweli, hivi leo mama akitoka kitandani hadi kizingitini inambidi aketi apumzike. Anayepika ni wifi yake. Mama husuka.

Kwa muda mrefu sikumwambia habari za yule mpishi. Nilimwambia mwaka huu, tukiwa wawili kibarazani, na mara tu nilipoanza nikatamani kuacha.

Alisikiliza huku anasuka ukili wa mkeka. "Anamlipa?" akauliza.

"Kila mwezi."

"Na akitaka kuondoka, anaondoka?"

"Anaondoka."

Mama akaupitisha ukili, akauvuta ukakaza. "Basi hapo ndipo baba yako alipomwogopa," akasema. "Mimi alijua siendi popote."

Nikamwambia kwamba mwishowe alikwenda.

"Nilikwenda kifua kimeshakwisha, mwanangu."

Kikohozi kikamshika. Nikamwegemeza begani mwangu, nikamsugua mgongo mpaka kilipotulia, na alipoweza kusema tena aliomba mai ya kunywa.