Mwamba Nilioukataa

Wiki moja kabla sijaondoka kwenda kulinda amani, nilipanda Uluguru kumsaidia mama kupalilia maharage. Shamba letu liko kwenye mteremko mkali. Ukiangusha jembe, unalifuata bondeni. Nikamwambia achimbe matuta ya ngazi, kama nilivyosoma vitabuni.

"Mkoloni naye alituambia hivyo hivyo," mama akasema bila kuinua kichwa. "Babu yako akagoma. Udongo wa ngazi ukishiba maji unahama."

"Mama, mimi nina stashahada."

"Basi ipande, tuone itaota nini."

Nilicheka. Katika ukoo wetu mzima hakuna mwingine mwenye stashahada ya ufundi wa ndege, na nilijisomesha mwenyewe kwa ndizi nilizobeba kichwani kutoka mlimani hadi mjini.

Huko Kongo kazi yangu ilikuwa kulala kifudifudi kwenye mlango wa helikopta na kumwongoza rubani anapotua. Rubani haoni kilicho chini ya tumbo la chombo chake; mimi ndiye nilikuwa macho yake. Kapteni Neema alikuwa rubani hodari, na nasema bila aibu kwamba hakupata kuwa na mtu wa mlangoni kama mimi. Tuliwahi kugusa mlima kwa tairi moja, mengine yakiwa hewani, na watu wakapanda kama wanaingia sebuleni.

Siku moja tuliitwa kuchukua majeruhi watatu mlimani, pamoja na mganga wa kikosi, Koplo Shomari, mtu wa Kihonda, mjini kwetu, na rafiki yangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Wingu lilikuwa linashuka, na risasi zilitoka ng'ambo ya bonde.

"Fundi," Shomari akasema kwenye redio, "njoo na chapati. Biskuti zenu zimetuchosha."

Palikuwa na sehemu mbili za kutua. Juu ya majeruhi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, palikuwa na mwamba mpana. Kando yao kabisa palikuwa na shamba la ngazi, tambarare kama meza.

"Natua mwambani," Kapteni akasema.

"Hapana, Kapteni. Wakipanda huko watapigwa. Weka tairi la kulia kwenye ngazi."

"Una uhakika na huo udongo?"

"Nimezaliwa milimani."

Akaniamini.

"Mbele mita mbili. Moja. Shuka taratibu. Limegusa."

Shomari akamsukuma majeruhi wa kwanza ndani. Akamsukuma wa pili.

Ukingo wa ngazi ukahama.

Chombo kikalala kulia. Mapanga ya helikopta yakafyeka nyasi za mteremko. Kapteni akakinyanyua na kukipeleka hewani juu ya bonde kwa namna ambayo stashahada yangu haiwezi kuieleza.

Nilipotazama nyuma, Shomari alikuwa amepiga magoti, amemkinga yule wa tatu.

Wingu likafunga.

Tulizunguka mpaka mafuta yakatulazimisha kurudi kambini.

Asubuhi tulitua kwenye mwamba. Haukutikisika. Majeruhi wa tatu alikuwa pale, hai, amefunikwa koti la Shomari. Shomari alilala kando yake, amepigwa risasi mgongoni. Alikuwa amembeba mpaka juu, maana alijua tukirudi tutatua pale.

Leo nina karakana yangu Msamvu na nyumba Kihonda, niliyoijenga kwa jasho langu, mitaa miwili kutoka kwa mama yake Shomari. Wateja wanapenda hadithi ya tairi moja, nami naisimulia vizuri.

Mama yake Shomari aliniuliza mara moja tu.

"Mwanangu mlimkuta wapi?"

"Juu ya mwamba, mama."

"Mbona hamkutua hapo tangu mwanzo?"

"Kapteni alitaka. Mimi ndiye niliyekataa."

Akasogeza kikombe upande wangu.

"Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa.

Msimu huu nilipanda tena Uluguru, nikapalilia maharage ya mama kwenye mteremko ule ule. Mvua ilikuwa imenyesha. Hakuna aliyetaja ngazi.