Kufuli la Upande wa Nje

Siku ile tulikuwa wanne katika chumba chetu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Joubert Park, huku kusini mwa bara tulikokimbilia: mimi Furaha, mdogo wangu Neema wa miaka kumi na minne, Josue wa miaka tisa, na Mama Riziki, jirani yetu kutoka Tanga, aliyekuja kuomba chumvi akasahau kuondoka.

Nilikuwa napiga pasi mashuka ya bibi mmoja wa mtaa wa Observatory niliyekuwa namfulia. Bibi huyo alikuwa amempa Neema kitabu cha Kiingereza kuhusu konti mmoja wa Ujerumani ya kale, Konti Eberwin. Mimi niliacha shule darasa la tano, mwaka ambao wazazi wetu waliuawa Kivu, kwa hiyo Neema alikuwa anasoma kimoyomoyo, kisha anatusimulia.

"Konti ni nini?" Josue akauliza.

"Ni kama mwami," nikamwambia. "Ana milima yake na watu wake."

Konti alioa akiwa kijana, na mkewe akamletea bonde zima la mizabibu. Walizaa watoto sita, wakazika wawili. Mwana wa kwanza alirithi ngome. Wa pili alipelekwa kwa watawa akiwa mdogo kuliko Josue. Mabinti wakaozwa kwa maadui ili vita vipoe.

"Eish, Yaya, mimi usinipeleke," Josue akaniambia. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Nani akupokee, na kula kwako huko?" Mama Riziki akamjibu. "Watawa wenyewe wangekimbia."

Tukacheka. Neema akaendelea. Maadui walikuja ghafla. Konti alikuwa ndani na familia yake, lango likafungwa haraka, na watu wake saba wakabaki nje. Farasi wa konti alitajwa kwa jina.

"Na wale saba?" Mama Riziki akauliza.

Neema akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Hakisemi."

Hapo tukasikia vioo vikipasuka barabarani.

Kwa siku mbili watu walikuwa wakisema kwamba maduka ya wageni yanavunjwa mjini. Redio iliyaita mambo hayo vurugu. Mimi nilikuwa nimeshapita katika vita, na masikio yangu hayakusikia tofauti. Nikaenda dirishani. Wanaume wenye marungu walikuwa wanaingia mlango wa chini wa jengo letu. Njia ya kutoka ilikuwa hiyo moja.

Kwetu Kivu tulikuwa na desturi. Unawaficha watoto ndani, unafunga kufuli upande wa nje, unakimbilia kujificha migombani. Askari akiona kufuli anadhani nyumba haina mtu, anapita. Baba na Mama walitufungia hivyo sisi watatu. Wao hawakufika migombani.

Nikachukua kufuli.

"Unakwenda wapi?" Mama Riziki akauliza.

"Kuwafungia."

"Akili zimekuruka? Hawa wana nani zaidi yako?"

"Mama Riziki, ni wadogo zangu."

"Ndiyo maana. Lete hapa. Kizulu nakiongea miaka ishirini sasa. Wewe ukifungua mdomo tu, wanajua umetoka wapi."

Nikampa kufuli na ufunguo wake.

Sikubishana naye. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilibishana, lakini sikubishana. Mkono wangu ulikuwa mwepesi.

Akatoka, nikasikia kufuli likifungwa kwa nje.

Viatu vikapanda ngazi.

Nilimziba Josue mdomo kwa kiganja. Neema aliuma shuka.

Nikasikia sauti ya Mama Riziki, tulivu, kwa Kizulu. Alisema jambo, mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine akauliza juu ya ufunguo. Neno hilo nililijua.

Akasema hana.

Wakamuuliza tena.

Yaliyofuata sitayaandika. Mlango ulipigwa mara mbili kwa kitu kizito, ukashika. Wakaenda zao.

Polisi ndio waliovunja kufuli. Hospitalini, muuguzi aliukuta ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Mama Riziki hakuzinduka. Siku ya tatu akafariki, na watu wa Tanga wa pale mjini wakamsafirisha kwao.

Neema sasa anafundisha watoto wadogo. Josue amenipita urefu na Kiswahili anakisikia zaidi kuliko kukisema. Hakuna aliyetenganishwa na mwenzake. Nilimwahidi mama yetu hivyo siku alipotufungia kule Kivu, na nimetimiza, ingawa najua ni nani aliyenitimizia. Nikiwatazama wakila, nafurahi, halafu siwezi kukaa. Nasimama, naenda kugusa mlango.

Riziki, binti yake, hunipigia simu kila Idi. Nimemweleza kwamba mama yake alikutwa ukumbini, mbele ya vyumba. Hilo ni kweli.

"Lakini da Furaha," huniuliza kila mara, "kwa nini hakujifungia chumbani kwake?"

Namwambia sijui. Jibu ninalo mimi, ni haki yake, na mpaka leo sijampa.